Tembo wa Tabora na nakala zake: kuzijua sarafu za mkebeni

Katika sarafu zote za kikoloni zinazopatikana kwenye nyumba za zamani huku kwetu, zilizotengenezwa Tabora yenyewe ndizo ngumu zaidi kuzihukumu kwa macho. Sababu ni moja: iliyo halisi ina kasoro nyingi kuliko nakala yake. Mtu akifungua mkebe wa marehemu bibi kule Isevya au Ng'ambo, mitaa ya Tabora, au kasha la Ujiji lenye vifungo vya jeshi, funguo zilizopoteza kufuli, medali ya Bikira Maria, sindano za cherehani na vipande vya fedha, mkono huenda kwanza kwenye kile kinachong'aa na chenye maandishi safi. Mara nyingi hicho ndicho nakala. Kile kibaya, kilichopinda ukingo na kugongwa upande, ndicho kinachostahili kuwekwa pembeni kwa heshima.

Ili hilo lieleweke, historia fupi. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Vita vilipoanza, meli za Uingereza zikafunga bahari, na serikali ya Wajerumani ikakosa sarafu za kulipa askari na wapagazi. Ikaanza kugonga zake kwenye karakana ya reli, Lulanguru, karibu na Tabora. Mwaka 1916 zikatoka aina tatu: heli 5 (heli ni sarafu ndogo, mia moja kwa rupia) za shaba ya njano, heli 20 za shaba ya njano au shaba nyekundu, na rupia 15 za dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, kule Iramba. Zote zina herufi T, ya Tabora. Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora na kazi ikawa imekwisha. Shaba ya njano ilitoka kwenye maganda ya risasi na mizinga na vyuma chakavu vingine. Mafundi walikuwa mafundi wa reli na sonara, na wataalamu wa kugonga sarafu hawakuwapo. Kwa hiyo usitegemee unadhifu wa Berlin.

Ndiyo maana heli 20 ya Tabora haipimwi kama sarafu nyingine. Upana wake ni kama milimita 29, lakini uzito hupanda na kushuka kwa gramu kadhaa kati ya kipande na kipande, maana bati la shaba halikuwa na unene mmoja. Ukikuta moja ina gramu 10 na nyingine 12, zote zinaweza kuwa halisi. Taji kwenye baadhi ni kubwa, kwenye nyingine ni dogo, kwa kuwa mihuri ya kugongea ilichongwa kwa mkono zaidi ya mara moja. Tazama pia herufi L mbili za neno HELLER: kuna zenye ncha zilizopinda na zenye ncha zilizochongoka. Mchoro kukaa upande, sehemu ya taji kutotokea vizuri, ufa mdogo ukingoni, mikwaruzo iliyokuwamo kwenye bati kabla halijagongwa: haya yote ni ya kawaida. Mimi hushtuka zaidi nikiona heli 20 iliyo mviringo kamili, yenye rangi moja ya njano mpya hadi ndani ya mabonde ya herufi. Shaba iliyokaa miaka mia moja mkebeni hugeuka kahawia kwenye mabonde, na njano hubaki tu pale palipoguswa mara nyingi.

Sasa tembo. Rupia 15 ndiyo inayotafutwa kuliko zote na ndiyo iliyonakiliwa kuliko zote. Ziligongwa zaidi kidogo ya 16,000, kwa hiyo ipo, lakini haipo kila nyumba. Upande mmoja una tai wa Kijerumani, maneno DEUTSCH OSTAFRIKA na 15 RUPIEN. Upande wa pili kuna tembo aliyeinua mkonga, milima nyuma yake, mwaka 1916 na T. Upana ni karibu milimita 22, uzito gramu 7.17, na dhahabu ni sehemu 750 kwa 1,000, yaani karati 18. Ukingo ni laini, hauna mistari. Kwenye upande wa tai kuna urembo wa majani, na mwisho wake huangukia chini ya T ya OSTAFRIKA au chini ya A. Aina zote mbili ni halisi, basi asikudanganye mtu kwamba moja kati yake ni kosa la mtengeneza bandia.

Nakala za tembo zinazokutwa majumbani ni za makundi matatu. La kwanza ni shaba iliyochovywa dhahabu, ya kumbukumbu au ya mapambo, mara nyingine ikiwa na neno COPY au REPLICA kwa herufi ndogo. Hizi hazikutengenezwa kumtapeli mtu. Tatizo huja pale mtu anapolifuta lile neno kwa tupa, kwa hiyo tafuta sehemu iliyo tambarare kuliko jirani zake, yenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, hasa chini ya tai au karibu na ukingo. La pili ni vidani: sonara aliyesubu (aliyeyeyusha na kumimina kwenye kalibu) tembo kwa dhahabu ya karati ya chini ili kutengeneza pambo la shingoni. Hiyo ni dhahabu kweli, ina thamani ya dhahabu yake, lakini si sarafu. La tatu, ambalo kwa Kigoma ni muhimu sana, si nakala kabisa. Ni sarafu za Kongo ya Kibelgiji za miaka ya 1940, za shaba ya njano, zenye tembo pia. Zina maandishi ya BANQUE DU CONGO BELGE kwa Kifaransa na BANK VAN BELGISCH CONGO kwa Kiholanzi. Ile ya faranga 2 ya mwaka 1943 ina pembe sita. Zilivuka ziwa pamoja na watu na mizigo, na mpaka leo kuna familia zinazozitunza zikiamini ni dhahabu ya Tabora. Ukiona tembo, soma maandishi kwanza kabla ya kutoa mizani.

Mizani na maji

Vifaa vinavyohitajika havizidi vinne: mizani ndogo ya dijitali inayosoma hadi gramu 0.01, ile wanayotumia masonara. Kalipa ya kupimia upana. Kioo cha kukuzia mara kumi. Na sumaku yenye nguvu, inayopatikana kwenye spika iliyoharibika. Kabla ya kuiamini mizani, ijaribu kwa bomba la sindano jipya la mililita 10. Weka kikombe chepesi, rudisha namba kwenye sifuri, mimina mililita 10 za maji. Ikisoma kati ya 9.9 na 10.1 iko sawa kwa kazi hii, maana alama za bomba nazo zina ukomo wake. Ikisoma 9.4 badilisha betri kwanza. Zima pangaboi na funga dirisha. Upepo mdogo tu huichezesha namba ya mwisho.

Sumaku hukata shauri kwa upande mmoja tu. Hakuna rupia, heli wala pesa (sarafu ndogo ya shaba) ya enzi ya Wajerumani inayonata kwenye sumaku, kwa hiyo ikinata ni nakala ya chuma, bila mjadala. Isiponata hujajua lolote, kwa sababu shaba, risasi, bati (madini yenyewe, si mabati ya paa) na zinki navyo havinati. Kumbuka pia kwamba sarafu nyingi za Tanzania za kuanzia mwisho wa miaka ya 1980 ni chuma kilichovikwa nikeli. Hizo hunata na ni halali kabisa.

Uzito unasema mengi zaidi. Rupia moja ya fedha, iwe ya kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya serikali ya Kijerumani au ya India ya Waingereza, ina gramu 11.66, na fedha yake ni 917 kwa 1,000. Nusu rupia ni 5.83, robo ni 2.92. Rupia iliyotumika sana hulika na kushuka mpaka 11.4 au chini kidogo, lakini basi na sura yake iwe imelika: masharubu ya Kaisari yamepotea, manyoya ya tai juu ya kofia yake yameungana. Ikiwa kila unyoya unaonekana na mizani inasema 10.1, huyo ni mgeni. Na rupia haiongezeki uzito kwa kukaa, kwa hiyo 12.3 nayo ni jibu baya, isipokuwa kama imelehemiwa kishikizo cha mkufu. Hapo angalia ukingo wa juu, mabaki ya lehemu hubaki kama uvimbe wa kijivu.

Sasa kipimo cha maji, ambacho ningependa kila nyumba yenye mkebe ikijue, kwa sababu hakidhuru sarafu na hakihitaji fundi. Pima sarafu ikiwa kavu, andika. Weka kikombe cha plastiki chenye maji juu ya mizani, yawe na kina cha vidole vitatu, kisha rudisha sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba wa cherehani, izamishe yote bila kugusa chini wala pembeni, ukiwa umeshika uzi. Namba utakayoiona ni uzito wa maji yaliyosukumwa, yaani ujazo wa sarafu. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Rupia halisi ya gramu 11.66 itasoma karibu 1.13 majini, na jibu litakuwa kama 10.3. Nakala ya mchanganyiko wa shaba na nikeli yenye ukubwa uleule huwa na gramu kama 10 tu, na jibu lake ni 8.9. Shaba nyekundu ni 8.9 pia, shaba ya njano ni kati ya 8.4 na 8.7, zinki 7.1, bati 7.3, risasi 11.3. Rupia 15 ya dhahabu itasoma karibu 0.48, na jibu liwe 15 hivi. Hapa ndipo utaona nakala ya tembo inavyojisaliti: ya shaba ya njano, yenye upana na unene ule ule, huwa na gramu 4 tu. Anayetaka kuifikisha gramu 7.17 lazima aifanye nene karibu mara 1.8, na hilo hata kidole kinalitambua.

Makosa ya kipimo hiki ni yale yale kila mahali. Viputo vya hewa hung'ang'ania kwenye herufi na kuongeza ujazo, kwa hiyo jibu linashuka na sarafu nzuri inaonekana mbaya. Tone moja la sabuni ya maji kikombeni huviondoa. Uzi mnene hunyonya maji. Sarafu ikigusa chini, mizani inabeba sehemu ya uzito wake na namba inaruka. Kwa vitu vidogo, kosa la 0.01 ni kubwa: kwenye tembo linahamisha jibu kwa asilimia 2, ndiyo maana 14.7 au 15.3 usilitupe. Rudia mara tatu, chukua la kati. Na kuna mtego mmoja: risasi ikichanganywa na bati kwa kiasi fulani hufikia uzani wa fedha. Hapo sugua ukingo taratibu kwenye karatasi nyeupe. Mchanganyiko wenye risasi nyingi huacha mstari wa kijivu kama wa penseli, fedha haiachi.

Kioo cha kukuzia

Nakala nyingi za zamani zimesubiwa kwenye kalibu ya mchanga au plasta. Metali ikipoa husinyaa, kwa hiyo rupia iliyotoka kwenye kalibu hupungua hadi nusu milimita kwa upana ikilinganishwa na mama yake. Kama una rupia isiyo na shaka, ziweke mbili pamoja kwenye kalipa. Kisha zungusha ukingo chini ya kioo. Sarafu ya kugongwa haina mshono. Ya kusubu ina mstari mwembamba katikati ya ukingo, au alama za tupa pale mstari ulipoondolewa, na mistari ya ukingoni hukatika au kulala upande. Kwenye uso mtambarare tafuta vitundu vidogo vya mviringo, vilivyoachwa na hewa. Usivichanganye na mashimo ya kutu: ya kutu yana ukingo uliochongoka na rangi nyeusi au kijani ndani, ya hewa ni laini na yametapakaa hata ndani ya herufi. Herufi zenyewe kwenye nakala ya kusubu huinuka taratibu kutoka kwenye uso, kama sabuni iliyokwisha kutumika, wakati zile za kugongwa husimama wima.

Kwa iliyochovywa, nenda sehemu zilizoinuka zaidi: kichwa na bega la tembo, shavu la Kaisari, ukingo. Dhahabu au fedha hutoka hapo kwanza na kuonyesha wekundu wa shaba au ukijivu wa zinki. Dhahabu ya karati 18 iliyochanganywa na shaba nayo ina wekundu kidogo, lakini ni wekundu mmoja uso mzima, haujakaa madoa madoa.

Kisha soma. Wanakili wengi hukosea historia kabla ya kukosea chuma. Rupia zenye jina la kampuni, DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, ni za kati ya 1890 na 1902. Zenye DEUTSCH OSTAFRIKA tu ni za 1904 hadi 1914, na zina alama ya kiwanda, A ya Berlin au J ya Hamburg. Rupia ya fedha yenye mwaka 1916 na T haipo. Pesa za shaba za kampuni zina tarehe mbili, ya Kizungu upande wa tai na ya Hijria upande wa maandishi ya Kiarabu: 1890 huenda na 1307, 1891 na 1308, 1892 na 1309. Anayesoma tarakimu za Kiarabu atagundua kosa kwa sekunde moja. Rupia 2 ni za 1893 na 1894 pekee, milimita 35, gramu 23.3. Ni adimu, kwa hiyo nakala zake ni nyingi, na zile za shaba na nikeli huangukia kwenye gramu 20.

Riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya malkia huyo wa Austria, inahitaji neno la pekee, maana misafara iliyopita Unyanyembe na Ujiji ilikuwa ikihesabu kwa fedha hiyo pia, na watu huona mwaka 1780 wakadhani wameshika kitu cha karne ya kumi na nane. Mwaka huo haukubadilishwa kamwe. Viwanda rasmi vya Vienna, Rome, London, Paris na Bombay viliendelea kuigonga hata katika karne iliyopita, yote ikiwa na 1780. Kwa hiyo kuna iliyo halali ila changa, na kuna bandia, na hizo ni hukumu mbili tofauti. Iliyo halali ina gramu 28.07, fedha 833 kwa 1,000, na jibu la maji ni kama 10.2. Kwenye kipini cha begani mwa malkia hesabu lulu tisa. Ukingoni kuna maneno yaliyoinuka, IUSTITIA ET CLEMENTIA, na urembo kati yake. Ukingo ukiwa mtupu au wenye mistari kama ya rupia, iweke na nakala.

Pauni za dhahabu za Kiingereza zilizovaliwa shingoni: gramu 7.99, milimita 22, jibu la maji 17.6, na ukingo una mistari. Shilingi za simba za Afrika Mashariki mtu hana faida ya kuzinakili, sijisumbui nazo.

Mchele, ndimu na wanunuzi

Kuna madai yanayozunguka kwamba rupia halisi ya Mjerumani huvuta punje za mchele, na kwamba inayovuta hununuliwa kwa mamilioni. Fedha haivuti mchele, shaba haivuti, dhahabu haivuti. Punje kavu hurukia kitu chochote chenye umeme tuli, hata kalamu ya plastiki iliyosuguliwa kwenye nywele. Anayekutaka utoe pesa ya "vipimo" kwanza kabla ya kununua hiyo rupia ni mwizi, na inaniuma kuona wazee wakiuza mbuzi ili kulipia vipimo hivyo.

Madhara mengine hufanywa na wenye mali wenyewe. Ndimu, majivu, steelwool, dawa ya meno na dawa ya kung'arishia shaba huondoa uso wa juu wa sarafu, na pamoja nao ushahidi wote niliouelezea hapa: rangi ya mabonde, alama za kugongwa, tofauti kati ya kutu na vitundu vya hewa. Thamani nayo hushuka. Sarafu yenye udongo au mawese yaliyoganda iloweke kwenye maji ya mvua yenye sabuni laini usiku kucha, isuuze, ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa cha pamba bila kusugua. Kutu ya kijani ikibaki, iache. Usiidondoshe sakafuni kusikiliza mlio pia. Iweke juu ya ncha ya kidole na uigonge taratibu kwa penseli: fedha hulia kwa muda, risasi hutoa mlio mfupi uliokufa. Iliyopasuka au kutobolewa nayo hulia vibaya hata kama ni halisi, kwa hiyo mlio usiwe shahidi pekee.

Ikiwa tembo wako amefaulu uzito, maji na kioo, mpeleke kwa sonara unayemwamini au soko la madini, wana mashine ya eksirei inayosoma madini bila kukwaruza. Mwambie asitumie jiwe la kusugulia dhahabu wala asidi, na usiondoke ukamwachia. Mashine hiyo husoma tabaka la juu tu, hivyo kipande kilichochovywa kwa unene kinaweza kuipotosha. Jibu lake lipime na lile la maji: mashine ikisema dhahabu na maji yakasema 8.6, yaamini maji. Kama vitu vimechimbwa ardhini badala ya kukutwa mkebeni, jambo linabadilika, maana Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 haimruhusu mtu kuchimbua vya kale bila kibali.

Nakala nazo zisitupwe wala zisirudishwe mkebeni kimya kimya. Tembo wa shaba aliyevaliwa na shangazi kama kidani ana historia yake, lakini akirudi bila maelezo atamsumbua mjukuu au kumtajirisha tapeli. Mfunge kwenye bahasha ya karatasi yake mwenyewe, andika kwa penseli kabla ya kumtia ndani: uzito mkavu, namba ya majini, upana, na neno NAKALA. Za halisi zifanyie hivyo hivyo, kila moja na bahasha yake. Epuka mifuko ya plastiki laini yenye harufu, kwa miaka michache hutoa utando wa kijani unaonata kwenye shaba, na kwenye joto la Kigoma na unyevu wa ziwani hautachelewa.